Siafu hakukosa adabu

Wapenzi wasikilizaji, nanyi mnaonisoma gazetini kwa sababu umeme ulikatika nikiwa hewani, leo itabidi mniwie radhi. Kipindi hiki hutoka wakati wengi wenu mko mezani, na jambo nililolichagua si la mezani. Nataka kuzungumza juu ya mkojo. Tena si mkojo wa mtoto, maana huo kila mzazi amekwisha uzoea, bali mkojo wa mbwa. Na si mbwa wa nje. Nazungumzia mbwa aliyefundishwa akafundishika, akaishi ndani miaka na miaka bila kosa, kisha siku moja akalowesha zulia la sebuleni kana kwamba hajapata kuonyeshwa mlango.

Najua wapo ambao kwao mbwa havuki kizingiti, wengine kwa ajili ya dini, wengine kwa kuona tu kwamba mahali pa mbwa ni uani. Siwabishii. Mimi mwenyewe nilikuwa katika kundi hilo la pili mpaka wezi waliponitoa. Mbwa wangu wa kwanza alilala nje, na usiku mmoja alirushiwa juu ya ukuta kipande cha nyama chenye sumu. Asubuhi tulimkuta amekauka karibu na geti, na magurudumu mawili ya gari hayapo. Aliyemfuata ni huyu Siafu, jike la kienyeji, rangi ya mchanga, mdogo wa umbo lakini mkali wa meno, ndiyo asili ya jina. Tukaamua huyu alale ndani, kwenye korido.

Kumfundisha hakukuchukua hata mwezi. Kila alipoamka na kila alipokula tulimtoa nyuma ya nyumba, chini ya mwarobaini, na akimaliza haja yake alipewa dagaa mmoja papo hapo. Tangu hapo, kwa miaka minane, mlango ukichelewa kufunguliwa yeye huukwaruza kwa kucha mpaka mtu ainuke. Wageni wetu walikuwa wakisema mbwa yule ana adabu kuliko watoto wa siku hizi, na sisi tukizipokea sifa kana kwamba ni zetu.

Basi masika ya mwaka huu yalipoanza, mambo yakageuka. Mara ya kwanza tulikuta kidimbwi kidogo mlangoni mwa jikoni, kama kikombe cha kahawa kilichomwagika. Tukasema ni mvua, labda hakutaka kulowa. Mara ya pili ikawa zulia. Mara ya tatu ndiyo iliyoitisha baraza la nyumba, maana aliloliloanisha lilikuwa begi la mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Handeni kumwona binti yake.

Hukumu zikatoka haraka kuliko za mahakama ya mwanzo. Kijana wangu mkubwa alisema mbwa ameona wivu kwa sababu ya mgeni. Dada anayetusaidia kazi, ambaye ndiye apigaye deki na kwa hiyo ana haki ya kukasirika kuliko sote, alishauri Siafu asipewe maji kuanzia saa kumi za jioni. Jirani akasema mbwa akishazeeka hivyo amekwisha, na wapo vijana wa kumwondoa kwa pesa kidogo, ila nisiwaulize wanampeleka wapi. Nami, mwenye diploma ya uandishi wa habari na miaka zaidi ya ishirini ya kuwahimiza watu redioni wachunguze kwanza ndipo waseme, sikuchunguza kitu. Nilikunja gazeti, nikamburuta Siafu mpaka kwenye begi, nikaisogeza pua yake palipolowa, nikamchapa.

Alijilaza chini, masikio yameshuka, macho ameyageuzia ukutani. Nikawaambia watu wa nyumbani, "Mnaona? Anajua kabisa alichokifanya."

Hapo niliposema hivyo ndipo nilipokosea, na nadhani wengi wenu hukosea papo hapo. Mwaka 2009 mtafiti mmoja, Alexandra Horowitz wa chuo cha Barnard kule New York, alichapisha jaribio alilolifanya kwa mbwa 14 na wenyewe. Mwenye mbwa alimkataza mbwa wake asile kitafunio, kisha akatoka chumbani. Huku nyuma wengine walikula na wengine hawakula. Mwenye mbwa aliporudi, si kila mara aliambiwa kweli, kwa hiyo ilitokea mbwa asiye na kosa akakaripiwa na mwenye kosa akapokelewa kwa bashasha. Ikaonekana kwamba ule uso wa hatia haukufuata kosa hata kidogo. Ulifuata karipio. Tena waliouonyesha zaidi walikuwa wale waliokaripiwa bure. Kwa maneno mengine, Siafu hakuwa akiungama. Alikuwa akiniogopa.

Na mbwa huunganisha mambo mawili yanapofuatana mara moja. Ukimpa dagaa anapomaliza tu kukojoa chini ya mwarobaini, anaelewa. Ukimchapa saa nzima baada ya kukojoa, hachapwi kwa ajili ya mkojo kwa kadiri ajuavyo yeye. Anachapwa kwa sababu wewe umeingia ukiwa na gazeti. Anachojifunza ni kutokukojoa mbele yako, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku mbili baadaye tulianza kunusa harufu bila kuona maji, mpaka tulipovuta kochi.

Aliyetuokoa ni mwenye begi. Mama mkwe wangu hajapata kumgusa mbwa maisha yake yote, na kwa desturi zao hasemi nami moja kwa moja. Nilikuwa nimekaa sebuleni, yeye yuko barazani, akamwambia mke wangu kwa sauti ambayo ilikuwa wazi imekusudiwa masikio yangu. "Mwambie mumeo, yule mnyama anaumwa. Nimemtazama pale uani. Anachuchumaa, anatoa tone, anakwenda hatua mbili, anachuchumaa tena. Beberu wetu alipoanza matone kama yale hatukumchapa, tulimwita bwana mifugo."

Jumatatu nikamfunga Siafu kamba nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Alikuwa binti ambaye angeweza kuwa mwanafunzi wa mwanangu. Akaniita mzee, nikameza. Kabla hata ya kumshika mbwa aliniuliza maswali matatu. Anakojoa kiasi gani, na mara ngapi? Anakunywa maji kiasi gani? Na je, anapokojoa, anajua kwamba anakojoa? La tatu lilinichekesha. Baadaye niliona kwamba maswali yale ndiyo elimu yote, na kama mtu akinisikiliza leo akasahau mengine, ayabebe hayo matatu.

Mbwa anayekojoa kidogo kidogo na mara nyingi, akijikamua, pengine akilia au akijilamba sana sehemu hiyo, mara nyingi tatizo lake liko katika kibofu. Inaweza kuwa vijidudu vimepanda njia ya mkojo, na majike hupatwa zaidi kwa kuwa njia yao ni fupi. Inaweza kuwa mawe yamejijenga ndani. Mbwa huyo hajasahau mafunzo. Kibofu kinamwambia kimejaa hata kikiwa na vijiko viwili tu, na mlango hauko karibu. Ukiona dume anajikamua na hakuna kinachotoka kabisa, usingoje asubuhi, usingoje mshahara. Jiwe limeziba njia, na kibofu kilichoziba kinaweza kuua katika muda mfupi.

Mbwa anayemwaga maji mengi ni habari nyingine. Hapo daktari hutazama figo, kisukari, na kwa jike ambaye hajaondolewa kizazi na aliyekuwa kwenye joto majuma machache yaliyopita, usaha katika mfuko wa uzazi, ambao ni jambo la kukimbilia upasuaji. Dawa nazo zina yake. Mbwa aliyepewa prednisolone kwa ajili ya muwasho wa ngozi atakunywa kama punda na kukojoa vivyo hivyo. Kupima si kazi ngumu. Mbwa mzima mwenye afya hunywa kama mililita 50 au 60 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Akipita 100 kwa kila kilo, kuna jambo. Siafu ana kilo 12, kwa hiyo akinywa kati ya nusu lita na robo tatu sina wasiwasi, akizidisha lita moja na robo nitapiga simu. Jaza chupa asubuhi, mimina humo tu, tazama imebaki nini kesho yake.

Na hapa ndipo daktari alipokunja uso, nilipomwambia kwamba kwa siku mbili tulikuwa tumemnyima maji ya jioni. Alinieleza kama mtu anayemweleza mtoto. Mwenye figo mbovu au kisukari hakojoi sana kwa sababu anakunywa sana. Anakunywa sana kwa sababu mwili hauwezi kuyazuia maji yasitoke. Ukiondoa bakuli, mkojo hauishi, ila mwili unakauka, na mbwa wa namna hiyo anaweza kufa kwa usafi wa nyumba yako. Hata yule mwenye kibofu kinachouma, maji yakipungua mkojo unakuwa mkali na maumivu yanazidi. Nilimfikiria Siafu akilamba sakafu ya bafuni usiku, jambo ambalo tuliliona na kulicheka.

Swali la tatu, kama anajua au hajui, ni la mbwa anayeamka na kuacha pamelowa pale alipolala. Huyo hukojoa usingizini. Huwapata hasa majike walioondolewa kizazi, pengine miaka kadhaa baada ya upasuaji, kwa kuwa homoni iliyosaidia kukaza mlango wa kibofu imepungua. Zipo dawa za kumsaidia, na nyingi ya kesi hizo hutengemaa. Kumchapa ni sawa na kumchapa mtu kwa kukoroma.

Rangi nayo husema. Mkojo wenye wekundu au wa rangi ya kahawa usiupigie deki ukanyamaza. Yaweza kuwa damu ya kibofu, yaweza kuwa homa ya kupe, ile inayovunja chembe nyekundu za damu, na huku kwetu kupe hawana msimu wa kupumzika.

Daktari akataka mkojo wa Siafu, wa asubuhi, katika chombo kisafi. Wasikilizaji, jaribuni ninyi. Saa kumi na mbili alfajiri, mvua ya manyunyu, mimi nimevaa kikoi na kandambili, nimeshika upawa niliofunga kwenye mpini wa ufagio, nanyatia nyuma ya mbwa ambaye kila nikiinama anainuka. Jirani yule wa vijana wa kuondoa mbwa alisimama ukutani na mswaki mdomoni, hakusema neno, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko maneno. Mara ya nne nilipata kama vijiko vitatu. Daktari alikuwa amesema kama siwezi kufika mapema niuweke kwenye friji. Mke wangu alisema mkojo wa mbwa ukiingia kwenye friji yeye atatoka, na kwamba ule upawa usionekane tena jikoni. Nikapanda daladala mara moja, kichupa mfukoni, nikiomba kondakta asinisukume.

Majibu yalikuja siku hiyo hiyo. Sukari hakuna. Damu kidogo ipo, usaha upo, na vijidudu walionekana kwa darubini. Daktari alimpapasa tumbo, akampiga picha, mawe hakuna. Akampa vidonge vya siku saba. Siku ya tatu Siafu aliukwaruza mlango, akatoka, akarudi, na nyumba nzima ikashangilia. Papo hapo kijana wangu akapendekeza vidonge vilivyobaki viwekwe akiba. La hasha. Dalili huondoka kabla ya vijidudu kwisha, na wanaobaki ndio wale waliokwisha kuionja dawa. Hali kadhalika msimpe mbwa dawa zenu za maumivu. Ibuprofen moja tunayoimeza sisi kwa kichwa inaweza kumletea mbwa vidonda vya tumbo na kumharibu figo.

Niseme kidogo juu ya usafi, maana dada wa kazi alinishika kwa hilo, na alikuwa na haki. Mkojo wa mbwa si wa kupangusa kwa mkono mtupu. Mtakumbuka mwaka 2022, mkoani Lindi, watu waliugua homa iliyowatoa damu puani, na serikali ikatangaza kwamba ni homa ya mgunda. Vijidudu vya homa hiyo hutoka katika mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na mbwa pia, navyo humwingia binadamu kupitia mchubuko, macho au mdomo. Kwa hiyo vaa glovu, nawa kwa sabuni, na mwulize daktari chanjo ya ugonjwa huo kwa mbwa wako. Kufuta, anza kwa kitambaa kikavu, kisha maji mengi. Dawa za klorini zisimiminwe juu ya mkojo mbichi, kwani viwili hivyo vikikutana hutoa mvuke unaochoma mapafu. Na sabuni zenye amonia ziacheni dukani, kwa sababu kwa pua ya mbwa harufu yake inakaribia ya mkojo, nawe utakuwa umemwandikia kibao cha choo katikati ya sebule. Siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ilitufaa. Lile zulia, hata hivyo, tulilitoa.

Sasa kuna atakayesema: wangu nimempeleka, amepimwa, hana ugonjwa, na bado anakojoa ndani. Inawezekana kabisa. Baruti za mkesha wa mwaka mpya, kuhama nyumba, mtoto mchanga, kifo cha mtu aliyemzoea, yote hayo humvuruga mbwa. Dume anayeinua mguu na kutia matone kwenye kona ya kabati anaweka mipaka yake, na kumhasi hupunguza. Mwingine hujikojolea ukimsimamia na kumwinamia, kwa unyenyekevu, na ukimfokea unamwongezea. Mbwa mzee sana huweza kupotewa na akili kama wazee wetu; huzunguka usiku, husimama mbele ya ukuta akasahau alikuwa akienda wapi. Kwa hao wote dawa inaanzia palepale pa utoto. Mtoe akiamka, akila, na kabla ya kulala. Nenda naye mwenyewe, usimfungulie mlango tu. Msifu na umpe kitu wakati huo huo. Ukimkuta katikati ya tendo ndani, mwite kwa sauti ya kawaida umtoe akamalizie nje. Ukikuta kidimbwi cha zamani, chukua kitambaa. Na umfungie mbali na mazulia usipokuwapo. Kama majuma mawili hivi, pengine zaidi.

Mimi nilidhani hayo hayanihusu, maana Siafu alikuwa amepona. Kumbe kibofu ndicho kilichopona. Dada akimtoa uani, hukojoa mara moja chini ya mwarobaini wake. Mke wangu akimtoa, hivyo hivyo. Nikimtoa mimi, anasimama, anautazama mkono wangu, anangoja. Usiku wa zamu yangu alikuwa akijizuia mpaka nirudi ndani nimwachie mlango wazi, na siku moja mvua kubwa iliponifanya nisirudi ndani upesi, nikabaki nimesimama naye kibarazani, alirudi akakojoa nyuma ya kochi. Daktari aliniambia hiyo si ya vidonge. Ni gazeti lile.

Basi nimerudi kwenye dagaa. Kila alfajiri natoka naye, nasimama mbali, nimempa mgongo, mikono nimeiweka nyuma, natazama ukuta wa jirani kama mlinzi aliyepewa adhabu. Juma la kwanza hakuna kitu. Juma la pili alikojoa nikiwa hatua kumi. Mama mkwe, ambaye alikwisha kurudi Handeni na begi jipya nililomnunulia, hupiga simu kwa binti yake kuulizia hali yangu, na katika hali yangu huulizia pia ya mbwa.

Jumapili iliyopita Siafu alinuka mwarobaini, akanitazama mkono, akachuchumaa nikiwa hatua tatu. Nikamwangushia dagaa bila kugeuka. Keshokutwa daktari anataka mkojo tena kuhakikisha vijidudu wamekwisha, na upawa nimekwisha kuufunga kwenye mpini.